Udaipur na Ngome za Mewar: Mwongozo Kamili, Kuanzia Viza Hadi Chui wa Jawai

Wengi wanaofika Udaipur hulala siku mbili, wakapiga picha kasri jeupe lililo katikati ya ziwa, wakaondoka. Picha wanazo, lakini mji huu wa kusini mwa Rajasthan, India, ukiuanzia ziwani hutauelewa. Ulianzishwa mwaka 1559 na Maharana (yaani mfalme) Udai Singh II, mtawala wa Mewar, dola ya Warajput, koo za kivita za eneo hili. Mji wake mkuu wa zamani, Chittorgarh, ulikuwa umeshatekwa mara mbili, na miaka tisa baadaye ulitekwa mara ya tatu. Alihitaji mahali penye vilima vya kumkinga na mabonde yanayoweza kuzuiwa maji. Ngome, maziwa na misitu ya wanyama inayozunguka mji leo vinatokana na hitaji hilo hilo.

Kwa hiyo hapa napanga safari tofauti na mawakala wengi: kwanza Chittorgarh, mji ulioachwa, halafu Udaipur, kisha Kumbhalgarh milimani, mwisho Jawai, kwa chui. Tenga wiki moja au zaidi kidogo. Ukiwa na siku nne tu, iache Jawai, na Kumbhalgarh uende na kurudi siku hiyo hiyo. Chittorgarh usiikate.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi kwa kufuata maji

Pichola, Fateh Sagar, Badi, Jaisamand: hakuna hata ziwa moja kati ya haya lililojiumba. Yote ni mabonde yaliyozibwa kwa tuta. Pichola ndilo kongwe. Simulizi za Mewar zinasema lilizuiwa mwaka 1362 na mfanyabiashara wa jamii ya Wabanjara, na Udai Singh alilikuta akalipanua. Maana yake kwa msafiri ni kwamba ziwa unaloliona linategemea mvua ya mwaka huo. Katika ukame wa miaka ya mwanzo ya 2000, Pichola lilikauka hadi watu wakatembea kwa miguu pale ambapo huwa panapita boti.

Mvua kubwa huanza mwishoni mwa Juni na kukoma Septemba. Mwezi wa Oktoba maziwa huwa yamejaa, vilima vina kijani na joto limeanza kushuka. Kwangu mimi huo ndio mwezi, ukiepuka siku za sikukuu ya Diwali ambapo Wahindi wenyewe husafiri kwa wingi na bei za vyumba hupaa. Novemba hadi Februari pia ni kuzuri, ila ni msimu wa harusi, na Udaipur ni mji ambao matajiri wa India hukodi makasri mazima kuozeshea watoto wao. Kwa mtu wa Dar au Mombasa, Januari inataka sweta la maana, kwa sababu usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Aprili hadi katikati ya Juni usiende, labda uwe umezoea nyuzi 40 na ngazi za mawe.

Hatua ya pili: karatasi

Viza ya utalii huombwa mtandaoni kwenye tovuti rasmi ya serikali ya India. Zipo tovuti nyingi zinazofanana nayo zinazotoza ada za ziada kwa kazi ya kujaza fomu, kwa hiyo hakikisha anwani inaishia na gov.in. Usingoje wiki ya safari. Chapisha kibali, kwa maana simu huzima chaji hasa pale unapoihitaji.

Jambo la kutofanyia mzaha ni kadi ya homa ya manjano. Kenya, Uganda, Burundi na Kongo zimo kwenye orodha ya India ya nchi zenye ugonjwa huo; wa Tanzania na Rwanda aangalie orodha ya sasa kabla ya safari. Cheti huanza kuhesabika siku ya kumi baada ya chanjo, kwa hiyo kuchanja siku tatu kabla ya kupanda ndege hakukusaidii. Asiye na cheti halali anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Kulala usiku mmoja Dubai njiani hakukutoi kwenye sheria hiyo. Ndugu zetu walioko Maskati au Ulaya ambao hawajakanyaga nchi hizi siku za karibuni haiwahusu. Uliza pia kuhusu polio, kwa sababu orodha yake hubadilika.

Kuhusu malazi: kila hoteli inayompokea mgeni wa nje hulazimika kumwandikisha serikalini kwa kinachoitwa Fomu C. Nyumba ndogo za wageni ambazo hazijasajiliwa kwa kazi hiyo zinaweza kukukataa mlangoni hata kama umeshalipa. Kabla hujalipia, waandikie ujumbe uwaulize kama wanapokea wageni wa kigeni. Swali la mstari mmoja litakuepusha kutangatanga na begi usiku.

Hatua ya tatu: kufika

Udaipur ina uwanja wa ndege huko Dabok, kilomita 22 hivi kutoka mjini, wenye ndege za ndani kutoka Delhi na Mumbai. Kwa anayetoka Afrika Mashariki, njia nyepesi ni kuruka hadi Mumbai na kuunganisha. Wapo pia wengi wanaokwenda Ahmedabad kumsindikiza mgonjwa hospitalini na kujikuta na siku za kungoja majibu. Kutoka Ahmedabad hadi Udaipur ni kama kilomita 260, nusu siku kwa basi au gari.

Lakini kwa ratiba hii nakushauri uanzie Delhi na upande treni ya usiku iitwayo Mewar Express, inayotoka kituo cha Hazrat Nizamuddin. Inapita Chittorgarh alfajiri, kabla ya kufika Udaipur asubuhi. Unashuka Chittorgarh.

Tiketi za treni India hufunguliwa siku 60 kabla, na treni za usiku hujaa haraka. Daraja la Sleeper ni vitanda bila kiyoyozi. 3A ni kiyoyozi na vitanda vitatu kila upande. 2A ni viwili, na pazia. 3A inatosha kabisa, na shuka unapewa. Tiketi iliyoandikwa WL ina maana uko kwenye foleni na kitanda huna, kwa hiyo usipande nayo. RAC inakuruhusu kupanda, ila huenda mkagawana kiti wawili. Mtandaoni, usajili wa mgeni na kadi za benki za kwetu husumbua. Njia mbadala ni ofisi ya watalii wa kigeni iliyo ghorofani ndani ya kituo cha New Delhi, ambako unakata kwa pasipoti. Ukiwa unaelekea huko, mtu nadhifu atakuambia ofisi imehamishwa, au imeungua, na atajitolea kukupeleka kwenye ile mpya. Mpite. Ngazi zipo, zipande.

Hatua ya nne: pesa na simu

India ya leo inalipia kwa simu kila kitu. Hata muuza chai wa kando ya barabara ana karatasi yenye msimbo wa kuchanganua. Mfumo huo wa kwao haufahamu M-Pesa yako, kwa hiyo tembea na taslimu. Toa rupia kwenye mashine ya benki, na noti za 500 zivunje mapema hotelini au dukani, kwa sababu dereva wa bajaji hana chenji, au atasema hana. Laini ya simu nunua uwanja wa ndege ulikoingilia. Watataka pasipoti na viza.

Kwenye maeneo ya kihistoria kuna bei mbili, ya mwenyeji na ya mgeni, na ya mgeni ni mara kadhaa zaidi. Sisi tuliotoka kwenye nchi zenye hifadhi za wanyama hatuna la kulalamika hapo.

Hatua ya tano: Chittorgarh

Acha begi hotelini karibu na kituo, kunywa chai, kisha kodi bajaji kwa nusu siku nzima. Usikubali ya kwenda tu, kwa maana juu ya ngome pana urefu wa kilomita tano hivi na jua halina huruma. Patana bei kabla ya kukaa.

Barabara hupanda kwa kupindapinda ikipita malango saba, na kila lango linamlazimisha mshambuliaji apunguze mwendo na aonyeshe ubavu. Pamoja na yote hayo, ngome ilianguka mara tatu: mwaka 1303 mbele ya Alauddin Khalji wa Delhi, 1535 mbele ya Bahadur Shah wa Gujarat, na 1568 mbele ya Akbar, mfalme wa dola ya Mughal. Kila mara, kwa mujibu wa kumbukumbu za Warajput, wanawake waliingia motoni kuliko kutekwa, na wanaume wakafungua malango wakatoka kufa. Kitendo hicho huitwa jauhar. Waongoza watalii watakusimulia kisa cha malkia Padmini kana kwamba walikuwepo. Kisikilize, ila ujue kwamba kimeandikwa kwa mara ya kwanza zaidi ya miaka 200 baada ya vita vyenyewe.

Nenda kwanza kwenye magofu ya kasri la Rana Kumbha, mtawala wa Mewar, halafu kwenye Mnara wa Ushindi, Vijay Stambha: ghorofa tisa, mita 37, umechongwa nje na ndani, kazi ya Rana Kumbha huyo huyo wa karne ya 15. Ngazi za ndani ni nyembamba na mawe yake yamelainika kwa nyayo. Zikiwa wazi panda, zikifungwa usijute. Kisha shuka hatua chache hadi Gaumukh, bwawa lililo ukingoni mwa mwamba, ambako maji hutoka kwenye jiwe lililochongwa mfano wa kinywa cha ng'ombe. Kaa hapo kidogo. Ngome hii ilijaa mabwawa ya namna hii, na ndiyo yaliyowawezesha watu kukaa wamezingirwa kwa miezi. Ukishaliona hili, utaelewa kwa nini waliohamia Udaipur walianza na tuta la maji.

Angalia mkoba wako, maana tumbili wa pale, wenye uso mweusi na mkia mrefu, wanajua zipu. Ndani ya ngome bado wapo wakazi, kwa hiyo kabla ya kumpiga mtu picha, omba.

Udaipur iko kama kilomita 115. Basi na treni zipo nyingi. Lala Udaipur usiku huo.

Hatua ya sita: Udaipur, bila haraka

Tafuta chumba mji wa kale, upande wa Lal Ghat au ng'ambo ya maji upande wa Hanuman Ghat (ghat ni ngazi za kushukia majini). Ng'ambo ni kimya zaidi, na ndiko unakoliona kasri kuu. Upande wa Lal Ghat unakaa chini ya kasri lenyewe na hulioni. Vichochoro vingine gari haliingii, kwa hiyo begi la magurudumu makubwa ni adhabu.

Asubuhi fika Kasri la Mji lango linapofunguliwa. Njia za ndani ni nyembamba na za mwelekeo mmoja; saa tano ikigonga, unasukumwa na umati kama uko kivukoni Likoni jioni. Udai Singh ndiye aliyelianza na warithi wake wakaendelea kuongeza kwa karne kadhaa, ndiyo maana hakuna ukumbi unaolingana na mwenzake. Zitazame sanamu za tausi za vipande vya vioo kwenye ua wa Mor Chowk. Zitazame pia picha za vita vya Haldighati vya 1576, ambapo Maharana Pratap alipambana na jeshi la Akbar. Farasi wake, Chetak, amechorwa amevishwa mkonga wa bandia ili tembo wa adui wamdhanie mtoto wa tembo. Jambo ambalo wengi hulipita bila kuuliza ni bustani ya Badi Mahal: umepanda ngazi hadi umechoka, unatokea juu kabisa, na hapo kuna miti mikubwa yenye vivuli. Haikupandwa juu ya paa. Kasri limejengwa likikizunguka kilima, na hiyo bustani ni kilele chake. Mizizi iko kwenye udongo wa kawaida.

Hatua chache kutoka lango kuna hekalu la Jagdish, la mwaka 1651, ambalo ni hekalu linalotumika kila siku. Vua viatu, funika mabega, usipite mbele ya anayesali.

Boti za ziwani zinatoka sehemu kadhaa, na za machweo ni ghali kuliko za mchana. Zinazotoka ndani ya kasri husimama kwenye kisiwa cha Jag Mandir, ambako mwanamfalme Khurram, aliyekuja kuwa mfalme Shah Jahan wa Mughal, alipewa hifadhi alipomwasi baba yake katika miaka ya 1620. Lile kasri jeupe la kwenye picha, Jag Niwas, lilijengwa katika miaka ya 1740 na Jagat Singh II. Sasa ni hoteli, na usipokuwa mgeni wao hufiki. Mimi ningeitumia pesa ya boti kwa chakula kizuri, kisha ningevuka daraja la miguu kutoka Gangaur Ghat hadi Ambrai Ghat, nikakaa kwenye ngazi kutazama taa za kasri zikiwashwa. Hapo unaona karibu yote anayoyaona wa kwenye boti.

Jioni, jumba la kale la Bagore ki Haveli hufanya onyesho la ngoma za Rajasthan kuanzia saa moja. Fika mapema ukae mbele, kwa sababu mama anayecheza na mitungi iliyopangwa kichwani anahitaji kuonwa miguu pia: huikanyagisha juu ya vioo.

Siku ya pili nenda ziwa Badi, nje ya mji, ukapande kilima kilicho juu yake kabla jua halijakaza. Jioni panda Sajjangarh, kasri la mlimani lililoanzwa na Maharana Sajjan Singh mwaka 1884. Ukiwa kule juu geuka, yatazame maziwa na vilima kwa pamoja. Mpango mzima wa Udai Singh uko chini yako. Bustani ya wanyama iliyo chini ya mlima huo ni ya vizimba. Aliyewahi kufika Mikumi au Nairobi Park aiache.

Chakula ni cha mboga kwa sehemu kubwa, na doa la kijani kwenye bango au pakiti ndilo alama yake. Agiza dal baati churma. Baati ni donge la unga wa ngano lililookwa hadi gumu nje. Unalivunja kwa mkono, unalimwagia samli bila kuionea huruma, kisha unalilowesha kwenye dali. Churma ni unga huo huo uliopondwa na sukari na samli. Mla nyama aulize laal maas, mchuzi wa mbuzi au kondoo wenye pilipili nyekundu inayotoa machozi. Waislamu wako mjini tangu zamani, wakiwemo Mabohora, jamii ile ile tunayoijua Mombasa, Zanzibar na Dar; mitaa yao ndiyo ya kuulizia hoteli za nyama halali.

Mtu atakayekukaribisha aonyeshe "shule ya uchoraji" ana duka. Picha ndogo za Udaipur ni sanaa ya kweli na baadhi ni nzuri sana, ila nunua ukiwa umezunguka maduka matatu, na nenda bila dereva, kwa sababu kamisheni yake imo ndani ya bei. Na jiandae kwa selfi. Familia nzima itakuomba picha, hasa ukiwa mweusi na mrefu. Mara nyingi ni ukarimu wa kawaida. Ukichoka, sema hapana kwa tabasamu.

Hatua ya saba: Kumbhalgarh na Ranakpur

Kodi gari na dereva kwa siku mbili au tatu, mwendo wa njia moja, kuishia Jawai. Hii ndiyo gharama kubwa ya safari nzima, kwa hiyo tafuta wa kuchangia. Mkubaliane kwa maandishi kwenye simu: mafuta, ushuru wa barabara na malazi ya dereva vimo au havimo.

Kumbhalgarh iko kama kilomita 85 kaskazini, kwenye milima ya Aravalli. Rana Kumbha ndiye aliyeijenga, na humu alizaliwa Maharana Pratap mwaka 1540. Ukuta wake unakadiriwa kilomita 36. Ngome hii na Chittorgarh ziliingizwa na UNESCO mwaka 2013 kwenye urithi wa dunia, katika kundi la ngome sita za milimani za Rajasthan. Wageni wengi hukimbilia juu kasrini. Wewe anza kwa kutembea juu ya ukuta, upande wa kulia ukiingia, mpaka kelele za lango ziishe. Hapo ndipo utaona jinsi unavyopanda na kushuka na mlima bila kukatika.

Lala hapo. Hifadhi ya Kumbhalgarh, karibu kilomita za mraba 600, ina chui, dubu na sambar, jamii ya kulungu wakubwa. Jipu za asubuhi zipo, lakini ni msitu mzito na kuona mnyama mkubwa ni bahati. Ukiwa na pesa ya safari moja tu ya wanyama, itunze kwa Jawai.

Kesho yake telemka Ranakpur, kwenye hekalu la Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, la karne ya 15, lote marumaru, lenye nguzo 1,444 ambazo inasemekana hakuna mbili zilizochongwa sawa. Watalii huingia kuanzia mchana, kwa hiyo usidamke bure. Mkanda, pochi na viatu vya ngozi haviruhusiwi, viache garini.

Hatua ya nane: chui wa Jawai

Jawai si mbuga ya taifa kama tuzijuazo. Ni majabali ya mawe, mashamba, na ziwa la bwawa lililokamilika mwaka 1957, na katikati ya hayo chui wanaishi mapangoni, mbele ya macho ya vijiji. Wafugaji wa Kirabari, wenye vilemba vyekundu na nguo nyeupe, hupitisha mbuzi chini ya jabali ambalo juu yake chui amelala. Kwa Mtanzania au Mkenya aliyezoea kumtafuta chui kwenye tawi la mti, kumwona ametandaza mwili juu ya mwamba mtupu, kengele za hekalu zikisikika, ni jambo jipya kabisa.

Jipu hutoka alfajiri na jioni, kupitia kambi au nyumba za wageni za pale. Kabla ya kulipa uliza mambo mawili: je, dereva ni mwenyeji wa vijiji hivi, na je, wanammulika chui kwa kurunzi usiku? Wanaomulika waache. Chukua darubini ukiwa nayo, kwa sababu umbali ni mkubwa kuliko Serengeti. Asubuhi iliyobaki nenda bwawani: mamba wamejianika ukingoni, na miezi ya baridi kuna korongo na heroe.

Kurudi, kituo cha treni cha Jawai Bandh kiko kwenye njia ya Ahmedabad, na Falna kiko jirani. Treni husimama hapo dakika chache mno, kwa hiyo muulize mapema mhudumu wa kituo behewa lako litasimama sehemu gani ya jukwaa, na ukaisubirie hapo hapo na begi mkononi.